Namna ya Kuingiza Njia ya Baiskeli katika Bajeti: Mwongozo kwa Wakazi wa Manispaa ya Tabora

Anayesimama alfajiri kwenye njia panda inayoingia mjini Tabora kutoka upande wa Ipuli au Malolo huona mji ukiamka juu ya baiskeli. Hupita fundi mwashi aliyefunga beleshi na karai kwenye keria kwa mpira wa tyubu, hupita mama mwenye tenga la nyanya, hupita wanafunzi wawili waliopakizana, na nyuma yao huja muuza mkaa ambaye hapandi kabisa bali anasukuma, kwa sababu magunia yake yamefika usawa wa kichwa. Ardhi ya mji wetu ni tambarare, umbali kati ya kata na kata ni wa kuridhisha kwa pedali, na nauli ya bodaboda kila siku si jambo dogo kwa mwenye kipato cha kibarua. Hata hivyo, ni nadra kufungua kitabu cha bajeti ya halmashauri na kukuta kasma, yaani fungu la fedha, iliyoandikwa kwa ajili ya njia za baiskeli.

Hii haina maana kwamba fedha hazipo. Fedha za baiskeli zimo ndani ya fedha za barabara, za mitaro, za masoko na za stendi, na anayezitaka sharti aingie humo mapema, kabla makadirio hayajapitishwa na kabla michoro haijafungwa. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mkazi wa kawaida, mwenyekiti wa mtaa, mjumbe wa kamati ya kata au kikundi cha waendesha baiskeli kinachotaka kulifanya jambo hili kwa utaratibu unaokubalika, kikao hadi kikao.

Hatua ya kwanza: Fahamu barabara ni ya nani

Maombi mengi hufa kwa sababu yamepelekwa kwa asiyehusika. Barabara kuu na barabara za mkoa zinasimamiwa na Wakala wa Barabara Tanzania, yaani TANROADS. Kwa upande wetu hizi ni zile zinazotoka mjini kuelekea Nzega, Urambo, Sikonge na Itigi. Barabara za mitaani na zile zinazounganisha kata zinasimamiwa na Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, yaani TARURA, ulioanza kazi Julai 2017. Kabla ya hapo barabara hizo zilikuwa mikononi mwa halmashauri zenyewe, na ndiyo sababu wazee wengi mtaani bado humwandikia Mkurugenzi wa Manispaa juu ya shimo ambalo kwa sasa linamhusu Meneja wa TARURA. Halmashauri ya Manispaa imebaki na masoko, stendi, shule za msingi na sekondari za serikali, zahanati, maeneo ya wazi na kazi yote ya mipangomiji.

Chukua karatasi uchore safari moja halisi, kwa mfano ya muuza mboga anayetoka pembezoni mwa kata hadi Soko Kuu. Mita mia kadhaa za kwanza ni njia ya mtaa, kisha anaingia barabara kubwa, anavuka reli au mtaro, halafu anaegesha sokoni. Safari hiyo moja imepita kwa wamiliki watatu au wanne, na kila mmoja ana bajeti yake, mhandisi wake na mwezi wake wa kufunga makadirio. Andika jina la mmiliki pembeni mwa kila kipande. Karatasi hiyo itakuongoza katika hatua zote zinazofuata, kwa hiyo itunze.

Hatua ya pili: Hesabu baiskeli wewe mwenyewe

Mhandisi wa barabara hupanga kwa takwimu, na mara nyingi takwimu alizonazo ni za magari. Ukifika mbele yake na kauli kwamba watu wengi wanaendesha baiskeli, atakubaliana nawe kwa adabu na faili litabaki lilipokuwa. Ukifika na jedwali la siku tatu, lenye saa, mahali na saini za walioshuhudia, mazungumzo hubadilika.

Kuhesabu hakuhitaji kifaa chochote. Chagueni mahali pawili au patatu, wekeni watu wawili wawili kila mahali, na mhesabu kuanzia saa 12 hadi saa 2 asubuhi, kisha saa 10 hadi saa 12 jioni, siku mbili za kazi na siku moja ya gulio au Jumamosi. Mmoja atazame barabara tu na kutaja kwa sauti, mwingine apige vijiti vinne na cha tano kuvikata, bila kunyanyua uso. Gawanyeni karatasi katika safu za wanaume, wanawake, wanafunzi na baiskeli za mizigo, na muweke safu ya watembea kwa miguu na ya pikipiki, maana njia ya baiskeli isiyofikiria wawili hao itaingiliwa mwezi wa kwanza. Mkihesabu wakati wa kiangazi, rudieni siku moja masika yanapokolea, kwani njia ambayo Septemba inapita vizuri hugeuka tope Machi, na pengo la hesabu kati ya miezi hiyo miwili ni ushahidi wa pekee wa haja ya kutengeneza mtaro.

Siku hiyohiyo chukueni futi ya kupimia. Pimeni upana wa baiskeli iliyopakia mkaa kutoka ncha ya gunia hadi ncha ya gunia. Pimeni upana wa bega la barabara, kutoka mstari wa lami hadi ukingo wa mtaro. Pimeni pia kina cha ngazi iliyopo pale lami inapokatika na kuanza udongo. Mahali pengi ngazi hiyo ina kimo cha kiganja kizima, na mwendesha baiskeli anayesukumwa na honi ya lori kushuka pale gurudumu la mbele hukwama, usukani hugeuka, naye huangukia upande wa gari. Piga picha ya futi ikiwa imesimamishwa kwenye ngazi hiyo, tarakimu zikisomeka. Nimeona picha ya namna hiyo ikipitishwa mezani kwenye kikao cha kata na kuleta ukimya ambao hotuba ya nusu saa haikuuleta.

Kama mtaa wenu una kumbukumbu za ajali, ziorodhesheni kwa tarehe na mahali, bila majina ya majeruhi.

Hatua ya tatu: Fahamu fedha zinatoka mfuko gani

Hapa ndipo penye uzito wa jambo lote, na msomaji asiharakishe.

Mfuko wa kwanza kwa ukubwa ni Mfuko wa Barabara, unaojazwa zaidi na tozo ya mafuta. Kila anayenunua petroli au dizeli huuchangia, na hata mpanda baiskeli huuchangia kila anaponunua bidhaa iliyosafirishwa kwa lori. Kwa muda mrefu mgawanyo wa mfuko huo umekuwa asilimia 70 kwa TANROADS na asilimia 30 kwa barabara za halmashauri, ambazo sasa ziko chini ya TARURA. Na katika mwaka wa fedha 2021/22 iliongezwa tozo ya shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya kuiongezea TARURA uwezo. Lakini sheria inataka angalau asilimia 90 ya fedha za mfuko zitumike kwa matengenezo, na kiasi kisichozidi asilimia 10 tu ndicho kiende kwenye maendeleo, yaani ujenzi mpya.

Kanuni hiyo ndiyo inayopaswa kuunda ombi lako. Ukiomba njia mpya ya baiskeli, unagombea ile asilimia 10 pamoja na madaraja na lami za kata nyingine zote. Ukiomba bega la barabara lijazwe kifusi na kushindiliwa hadi usawa wa lami, mitaro ifunikwe kwa mifuniko ya zege inayobeba baiskeli, matundu ya chuma ya mitaro yageuzwe ili mianya yake isimeze gurudumu, na alama za rangi zirudishwe, unaomba matengenezo, na mlango wa asilimia 90 uko wazi mbele yako. Kwa mwendesha baiskeli wa Ng'ambo au Isevya bega zuri la mita moja na nusu, kavu na lisilo na ngazi, ni bora kuliko ahadi ya njia ya kifahari inayongoja mfadhili.

Mfuko wa pili ni mapato ya ndani ya halmashauri, yaani ushuru wa huduma, ada za leseni, ushuru wa masoko na vyanzo vingine. Sehemu ya mapato hayo hutengwa kwa ajili ya maendeleo, kwa kiwango kinachotajwa katika mwongozo wa bajeti wa kila mwaka. Fedha hizi zinafaa kwa mambo yaliyo kwenye ardhi ya manispaa yenyewe: maegesho ya baiskeli yenye vyuma vya kufungia pale sokoni, kwenye stendi, kwenye zahanati na shuleni. Ni kazi ndogo, huonekana mapema, na humpa diwani jambo la kuonyesha ndani ya mwaka mmoja. Tafadhali usiidharau, kwa sababu mama anayeiacha baiskeli yake imeegemea ukuta bila kufungwa hufanya biashara roho ikiwa juu.

Mfuko wa tatu ni Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2009, ambao kamati yake huongozwa na Mbunge. Kiasi chake si kikubwa, lakini unakusudiwa hasa kwa miradi iliyoibuliwa na wananchi wenyewe, na unaweza kumalizia kile ambacho nguvu za wananchi zimekianza. Kivuko cha mtaro kinachokatisha njia ya wanafunzi ni mfano mzuri.

Upo pia mradi wa kuboresha miji uitwao TACTIC, unaogharamiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia na kutekelezwa kupitia TARURA katika miji 45, Tabora na Kigoma-Ujiji zikiwemo. Barabara zinazojengwa kwa fedha za namna hii hufanyiwa usanifu wa kina, na usanifu huo huambatana na mikutano ya kuwashirikisha wakazi. Mkutano wa ushirikishwaji ukitangazwa, nenda na jedwali lako la hesabu. Kuongeza njia ya baiskeli wakati barabara ingali kwenye karatasi ni kuhamisha mstari wa kalamu. Kuiongeza baada ya mawe ya kingo na nguzo za taa kusimikwa ni kubomoa, na hakuna mhasibu atakayekubali.

Kwa barabara kuu pana jambo moja la kutia moyo. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara hizo hadi mita 30 kila upande kutoka katikati. Mara nyingi nafasi ipo. Kinachokosekana ni uamuzi wa namna ya kuitumia.

Hatua ya nne: Ingia kwenye kalenda kwa wakati

Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai, lakini bajeti yake huandaliwa miezi mingi kabla. Mwongozo wa maandalizi ya mpango na bajeti hutolewa na Wizara ya Fedha mwishoni mwa mwaka unaotangulia. Mitaa na kata huibua vipaumbele vyao, kwa utaratibu wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, katika miezi hiyohiyo ya mwisho wa mwaka. Kamati za kudumu na Baraza la Madiwani hujadili makadirio kati ya Januari na Februari, kisha makadirio hupanda kwenye Sekretarieti ya Mkoa, TAMISEMI na Hazina, na Bunge huyajadili kuanzia Aprili hadi Juni.

Katika mtaa niliokuwa naishi zamani, ambapo nilikuwa katibu wa kamati ndogo ya barabara, tuliandika barua nzuri sana yenye picha na saini za wakazi zaidi ya sabini, tukaipeleka mwezi Aprili. Tulipokewa kwa heshima na kuambiwa kwamba makadirio yalikwishapanda. Tuliumia, kwa kuwa kosa lilikuwa letu: tulikuwa tumetumia Novemba na Desemba kutafuta mtu wa kutupigia chapa barua, tukasahau kwamba miezi hiyo ndiyo iliyokuwa na mlango. Mwaka uliofuata tulianza kuhesabu Agosti, na Oktoba jedwali lilikuwa mkononi mwa Mtendaji wa Mtaa.

Kwa hiyo panga hivi: Agosti na Septemba ni za kuhesabu na kupima, Oktoba ni ya mkutano wa wakazi wa mtaa, Novemba ni ya Kamati ya Maendeleo ya Kata.

Katika mkutano wa mtaa, omba jambo hili liingizwe kwenye ajenda mapema kupitia Mwenyekiti na Mtendaji wa Mtaa. Usilisubirishe hadi mengineyo, wakati watu wamekwishaanza kukung'uta vumbi na kuaga. Azimio liandikwe kwenye muhtasari likitaja barabara kwa jina, kutoka wapi hadi wapi, na kazi inayoombwa. Ombi lisemalo "barabara zetu ziboreshwe" haliwezi kuwekewa shilingi. Omba nakala ya muhtasari uliosainiwa, pamoja na orodha ya mahudhurio, kwa sababu huo ndio utakaokuwa cheti cha kuzaliwa cha mradi wenu kila mtu atakapouliza umetoka wapi.

Kamati ya Maendeleo ya Kata huongozwa na Diwani, Mtendaji wa Kata akiwa katibu wake, na wenyeviti wa mitaa ni wajumbe. Humo kila mtaa una kipaumbele chake, na zahanati au darasa litashinda baiskeli kwa haki kabisa endapo vitapambanishwa. Usiruhusu vipambanishwe. Eleza kwamba mnachoomba ni kipengele cha barabara ambayo tayari imo kwenye mpango wa matengenezo, na kwamba njia hiyohiyo ndiyo inayompeleka mtoto kwenye darasa na mjamzito kwenye zahanati. Zungumza na wenyeviti wa mitaa jirani kabla ya kikao, maana njia ya baiskeli inayoishia mpakani mwa mtaa haimsaidii mtu.

Hatua ya tano: Andika andiko fupi

Kurasa tatu zinatosha. Ukurasa wa kwanza ueleze mahali, tatizo na hesabu; wa pili ueleze kazi inayopendekezwa, urefu kwa mita na mmiliki wa kila kipande; wa tatu uwe picha na mchoro. Kwa gharama, usikisie. Mwombe mhandisi wa TARURA bei ya kila mita ya kazi husika kulingana na mikataba yake ya karibuni, uzidishe kwa urefu wenu, na uandike kwamba bei imetoka kwake. Barua ianzie kwa Mtendaji wa Kata, nakala kwa Diwani, Mkurugenzi wa Manispaa na Meneja wa TARURA, nawe ubaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa.

Hatua ya sita: Fuatilia hadi Baraza na Bodi ya Barabara

Makadirio yakishafika manispaa, hupita kwenye kamati za kudumu, ikiwemo ya Mipangomiji na Mazingira na ile ya Fedha na Utawala, kabla ya Baraza la Madiwani linaloongozwa na Mstahiki Meya. Mikutano ya Baraza huruhusu wananchi kuhudhuria na kusikiliza. Wakazi kumi walioketi kimya kwenye viti vya nyuma, wakiwa wamekuja kwa baiskeli na kuziegesha mbele ya ukumbi, humkumbusha Diwani wenu alichokiahidi, naye huwa na nguvu zaidi anaposimama.

Kwa vipande vilivyo kwenye barabara kuu, Baraza peke yake halitoshi. Kipo kikao cha Bodi ya Barabara ya Mkoa, chini ya uenyekiti wa Mkuu wa Mkoa, ambako wabunge na viongozi wa halmashauri hukutana na TANROADS na TARURA kujadili mipango yao. Wewe hutaingia humo, lakini Mbunge na Meya wataingia. Wapelekee ukurasa mmoja, si andiko zima, wiki mbili kabla ya kikao.

Hatua ya saba: Soma michoro, kisha simama kwenye kazi

Fedha zikitengwa, watu wengi hurudi nyumbani kusherehekea, na hapo ndipo njia hupungua. Omba kuonyeshwa mchoro wa mkato wa barabara, yaani unaoonyesha upana wake kutoka ukingo hadi ukingo, na uulize maswali machache. Je, njia ina upana wa mita 2 kwa mwelekeo mmoja, au mita 3 kama ni ya kwenda na kurudi? Linganisha na upana wa baiskeli ya mkaa mliyoipima. Je, imetenganishwa na magari kwa ukingo au kwa rangi tu? Je, kwenye njia panda inaendelea au inakatika na kumwacha mtu katikati ya malori? Je, miembe ya kale itakatwa, au njia itapindishwa iipite kivulini? Saa saba mchana, jua la Tabora linapochoma, kivuli cha mwembe huwafanya watu waitumie njia badala ya kuikwepa.

Mifano ya nchini ipo ya kujifunza. Miaka ya 1990 Morogoro na Temeke zilifanyiwa majaribio ya miundombinu ya watembea kwa miguu na waendesha baiskeli, na watumiaji walishirikishwa katika kuchagua mahali pa kutengeneza. Jijini Dar es Salaam, awamu ya kwanza ya mabasi yaendayo haraka, iliyoanza huduma mwaka 2016, ilijengwa pamoja na njia za baiskeli kando ya Barabara ya Morogoro. Anayezitembelea ataona ubora wa lami yake, na ataona pia jinsi pikipiki, magari yaliyoegeshwa na meza za biashara zinavyoweza kuitwaa nafasi isiyosimamiwa. Kwa sababu hiyo, katika andiko lenu wekeni nguzo fupi za kuzuia magari kwenye maingilio, na mkubaliane na wafanyabiashara wa eneo hilo mapema mahali watakapohamia.

Zabuni za umma kwa sasa hutangazwa kwenye NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma, na sheria inatenga asilimia 30 ya ununuzi kwa makundi maalumu, yaani vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Kikundi cha mtaani kinachofyatua matofali ya kupanga au kuchomelea vyuma kinaweza kupata kazi ya maegesho au mifuniko ya mitaro, mradi kimesajiliwa kwenye mfumo kabla ya tangazo kutoka.

Mkandarasi akianza, kamati yenu ipite kila wiki na futi ileile ya siku ya kwanza, mkiandika tarehe na vipimo. Pimeni upana wa njia na kimo cha bega dhidi ya lami, na mvua ya kwanza ikinyesha mwende kuangalia maji yanasimama wapi. Mkiona kasoro, mwandikieni Meneja husika wakati kazi ingali katika kipindi cha matazamio, ambapo sehemu ya malipo ya mkandarasi bado imeshikiliwa na kurekebisha ni wajibu wake. Mwulizeni Meneja tarehe ya mwisho ya kipindi hicho, muibandike kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya mtaa, na mwezi mmoja kabla ya tarehe hiyo kufika, mpite njia nzima kwa baiskeli, mmoja wenu akiwa amepakia magunia ya mkaa.